Nani Aliyelichora Gari Namba 40?

Mbio za Indianapolis 500 za mwaka 1967 zilianza Jumanne ya tarehe 30 Mei, mvua ikazikatiza baada ya mizunguko 18, zikamaliziwa kesho yake. Siku zote mbili aliyekuwa mbele karibu muda wote ni mmoja: Parnelli Jones, ndani ya gari namba 40, rangi yake nyekundu ya kuwaka. Magari mengine 32 yalinguruma. Hili lilipita likivuma tu, na watu wa uwanjani wakalibandika jina la Sam Mkimya. Liliongoza mizunguko 171. Katika mzunguko wa 197 kati ya 200, beringi moja kwenye mfumo wa gia ikavunjika, beringi ambayo husimuliwa kwamba bei yake ilikuwa dola 6. Jones akaliacha gari lijiendee pembeni, A. J. Foyt akapita, akashinda.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi mno, na kila kinaposimuliwa hutajwa watu walewale watatu: Jones aliyeendesha, Foyt aliyeangukiwa na bahati, na Andy Granatelli, bosi wa STP, kampuni iliyouza dawa za kuchanganya kwenye oili, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye gari. Mtu wa nne hupewa sentensi moja, tena kama msimulizi ana nafasi. Huyo ni Ken Wallis, mhandisi aliyekuja na wazo lenyewe na kulichora gari. Nadhani sentensi hiyo moja ina mambo mengi ndani yake, na nadhani pia kwamba Wallis na wenzake wachache waliojaribu kuingiza turbini kwenye mbio za magari hawakusahaulika kwa bahati mbaya. Aina ya kazi waliyoichagua ilikuwa ya kumsahaulisha mtu.

Ukianza kumtafuta Wallis kwa jina utapotea mapema. Ken Wallis anayejulikana na wengi ni mtu mwingine kabisa: ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza, aliyezaliwa 1916 na kufariki 2013, mtengenezaji wa vile vyombo vidogo vya angani vyenye mapanga juu vinavyofanana na helikopta. Ndiye aliyerusha kile kilichoitwa Little Nellie katika filamu ya James Bond, You Only Live Twice. Filamu hiyo ilitoka Juni 1967, siku chache tu baada ya gari namba 40 kuzimika Indianapolis. Wahandisi wawili wa jina moja, wote wakishughulika na mitambo ya ajabu, katika msimu mmoja. Mmoja alionekana kwenye sinema za dunia nzima. Wa pili akazikwa na jina lake mwenyewe.

Basi njia ya uhakika zaidi ya kumfuata mhandisi wa namna hii ni kulisoma gari lenyewe, kiungo kwa kiungo, na kuuliza kila kiungo kilitoka kwa nani. Gari la namba 40 lipo hadi leo, katika mikusanyo ya taasisi ya Smithsonian huko Marekani, na umbo lake linaeleza mengi.

Tuanze na injini, kwa sababu hapo ndipo Wallis hana dai lolote. Ilikuwa ST6, toleo la viwandani la injini ya ndege ya PT6, iliyobuniwa na kuundwa na Pratt & Whitney ya Canada huko Longueuil, karibu na Montreal. Kwetu Afrika Mashariki injini hii si ngeni hata kidogo. Abiria anayepanda Cessna Caravan kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, au kuingia Serengeti kutua kwenye uwanja wa vumbi, anavutwa na injini ya ukoo huohuo. Ni mtambo mdogo, mwepesi, na kwa sababu ya uimara wake umeuzwa kwa makumi ya maelfu.

Namna unavyofanya kazi ndiyo iliyomvutia mtu mwenye mawazo ya mbio. Hewa inavutwa ndani, kompresa inaibana, mafuta yanawaka mfululizo bila kukatika kama yanavyokatika kwenye pistoni, na gesi ya moto inatoka kwa kishindo kuzungusha turbini. Kwenye PT6 turbini zimegawanywa sehemu mbili zisizoshikana. Ya kwanza inaizungusha kompresa. Ya pili inauzungusha mhimili unaotoa nguvu nje. Katikati hakuna chuma kinachoziunganisha, ni gesi tu inayopita kutoka moja hadi nyingine. Matokeo yake, mhimili wa nje unaweza kusimama kabisa huku sehemu ya kwanza ikizunguka kwa kasi kubwa, na ni pale mhimili unapokuwa umesimama ndipo unapopata nguvu kubwa kuliko zote ya kuzungusha. Injini ya pistoni iko kinyume. Ukiibana isimame, inazima. Ndiyo maana gari la kawaida linahitaji klachi na msururu wa gia.

Sasa ingia kwenye kiti cha Jones. Hakuna klachi. Hakuna gia ya kubadilisha. Kuna kanyagio la mafuta na kanyagio la breki. Turbini ikiwa imetulia, inazunguka kwa asilimia 54 ya uwezo wake wote, kwa hiyo dereva hahitaji hata kukanyaga mafuta ili gari liondoke; anachofanya ni kupunguza mguu kwenye breki. Shida inakuja akiwa kasini. Akikanyaga mafuta, inapita takriban sekunde 3 kabla nguvu haijafika kwenye matairi, kwa kuwa kompresa inachukua muda kupanda. Kwenye kona za Indianapolis sekunde 3 ni umbali mrefu. Jones alilazimika kuomba nguvu akiwa bado ndani ya kona, aipate akiwa anatoka. Na akiachia mafuta, turbini haimsaidii kupunguza mwendo kama pistoni inavyofanya, hivyo breki zinabeba mzigo wote. Ndiyo maana nyuma ya kiti kulikuwa na bamba lililoinuka kukinga upepo wakati wa kufunga breki, sawa na mabamba ya mabawa ya ndege inapotua.

Hayo yote Wallis aliyaona kwenye karatasi kabla hayajawa chuma. Alitembea na rula yake ya mahesabu, ile ya kutelezesha iliyotumiwa na wahandisi kabla ya kikokotoo, akipita kwa watu wenye pesa na karakana kuwaonyesha kwamba inawezekana. Alimwendea Dan Gurney, dereva wa mbio, akakataa. Alimwendea Carroll Shelby, mjenzi wa magari ya mbio, naye akamwambia haitafanya kazi. Wa tatu alikuwa Granatelli.

Simulizi za wavumbuzi hupenda kuwaonyesha waliokataa kuwa ni vipofu, na hapa nadhani si haki. Gurney alikuwa na sababu. Mwaka 1962 yeye mwenyewe alikwenda Indianapolis kuendesha gari la turbini la John Zink, lenye injini ya Boeing, na likaachwa kwa sababu lilikuwa polepole kiasi cha kutofuzu. Miaka saba kabla ya hapo, 1955, gari jingine lenye turbini ya Boeing lilishazungushwa kwenye uwanja huohuo na watu wa Jeshi la Anga la Marekani. Gurney alikuwa amekwisha kuonja. Alichokataa ni kitu alichokijua, na kama Wallis angeleta gari la aina ile ya Zink, kukataa kungekuwa sahihi.

Lakini Wallis hakuleta gari la aina ile. Hapa ndipo kazi yake inapoonekana. Baadhi ya waliomtangulia walichukua mwili wa gari la mbio lililokwishapo, wakaing'oa injini ya pistoni, wakasukumiza turbini mahali pake. Yeye alianza upya. Alisimamisha uti wa mgongo wa alumini katikati ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Injini akaiweka kushoto kwa uti huo, dereva kulia, wawili hao wamelala bega kwa bega. Kwenye uwanja ambao gari hukata kona upande wa kushoto tu, mara 800 katika mbio moja, uzito kuegemea kushoto ni faida. Injini kukaa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuliruhusu nguvu kugawanywa pande zote mbili, na mhimili wake haukuhitaji kupita chini ya kiti cha mtu. Gari likawa fupi kwa kimo. Lilikuwa na uzito wa pauni 1,750, yaani karibu kilo 794, zito kuliko wapinzani wake, lakini uzito huo ulikuwa mahali panapofaa. Injini ilitoa takriban nguvu za farasi 550.

Mpangilio huo ndio sahihi ya Wallis. Vingine vingi kwenye gari vina wenyewe. Mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne ulitoka kwa kampuni ya Ferguson ya Coventry, ambako Claude Hill alikuwa amehangaika nao kwa miaka, akapata ushahidi wake mwaka 1961 pale Stirling Moss aliposhinda mbio za Oulton Park na gari la Ferguson P99. Granatelli aliujua mfumo huo kabla ya kumjua Wallis: mwaka 1964 gari lake la Novi lililoendeshwa na Bobby Unser Indianapolis lilikuwa na magurudumu manne ya kusukuma yaliyotoka kwa Ferguson. Karakana ilikuwa ya Paxton, Santa Monica, na mikono iliyolisukuma gari hadi likakamilika ilikuwa pamoja na ya ndugu zake Granatelli, Joe na Vince. Kazi ilianza Januari 1966. Fremu ya alumini ilipinda ilipopitishwa kwenye moto ili kuiimarisha, na mbio za mwaka huo zikawapita.

Ukijumlisha hivyo unaona tatizo la mtu anayetaka kugawa sifa. Injini ni ya Longueuil, magurudumu manne ni ya Coventry, pesa na ubishi ni vya Granatelli, na ujasiri ni wa Jones aliyefuzu wa sita kwa wastani wa maili 166 kwa saa kisha akawapita wote waliomtangulia kwenye mzunguko wa kwanza. Kilichobaki kwa Wallis ni wazo, na jinsi vitu vilivyopangwa. Kwa macho yangu hicho ndicho kilicholitofautisha gari hili na lile la Zink. Lakini mpangilio hauna kibao cha jina. Mtazamaji anaona tangazo la STP ubavuni, anasoma namba, anamwona dereva. Na Granatelli alikuwa bingwa wa kujitangaza. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha maisha yake, They Call Me Mister 500, na aliyeandika kitabu ndiye aliyemiliki simulizi.

Ulaya kulikuwa na wahandisi wa turbini waliomtangulia, na hatima zao zinatoa picha nzuri ya nani hukumbukwa na kwa nini. Fiat walionyesha Turbina yao mwaka 1954, wakaijaribu kwenye barabara iliyojengwa juu ya paa la kiwanda cha Lingotto, Turin. Aliyeongoza kazi ni Dante Giacosa. Je, amesahaulika? Hapana, ila hakumbukwi kwa turbini. Anakumbukwa kwa Fiat 500. Rover wa Uingereza walikuwa wametangulia kuliko wote: JET 1 yao iliendeshwa hadharani Machi 1950, na mwaka 1952, kwenye barabara ya Jabbeke huko Ubelgiji, ilipita maili 152 kwa saa ikiendeshwa na Spen King, mmoja wa wahandisi wake. King naye hakusahaulika, kwa sababu baadaye alibuni Range Rover. Wahandisi hawa walikuwa na kampuni nyuma yao. Turbini ilipokufa, kampuni iliwapa kazi nyingine, na ile kazi nyingine ikabeba majina yao hadi kwetu.

Albert Lory hakupata bahati hiyo kwa kiwango hicho, na kwangu yeye ndiye anayesikitisha zaidi. Ni mhandisi Mfaransa aliyebuni gari la Delage la lita 1.5 lenye silinda nane lililotawala mbio kubwa za mwaka 1927. Mtu angeweza kufa na hilo tu akatajwa na wapenzi wa mbio karne nzima. Karibu miaka thelathini baadaye yumo Renault, akiongoza kazi ya gari liitwalo Étoile Filante, lenye turbini ya Turbomeca, kampuni ya Joseph Szydlowski. Injini ile ilitoa nguvu za farasi 270 ikizunguka mara 28,000 kwa dakika. Tarehe 5 Septemba 1956 gari hilo, rangi ya buluu, refu na jembamba lenye mapezi mawili nyuma, lilipelekwa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, likaendeshwa na Jean Hébert na kuweka rekodi ya karibu kilomita 309 kwa saa katika kundi lake. Renault walikuwa na sababu ya kibiashara ya kwenda kule. Walitaka Wamarekani wanunue gari lao la Dauphine, na rekodi ilifanya kazi yake kwenye matangazo. Matangazo yakishamalizika, mhandisi wa nini?

Rover walirudi tena, safari hii kwenye mbio za Le Mans, na timu iliyofanya kazi hiyo ilikuwa na mhandisi Noel Penny. Mwaka 1963 waliungana na timu ya mbio ya BRM, wakachukua chasi ya gari la Formula One ambalo Richie Ginther alikuwa amepata nalo ajali Monaco mwaka uliotangulia, wakaipanua na kuiwekea turbini ya nguvu za farasi 150. Waandaaji walilipatia namba 00, kwa maana halikuwa mshindani rasmi, na kulikuwa na zawadi kwa gari la kwanza la turbini litakalomaliza kilomita 3,600. Graham Hill na Ginther walipita zaidi ya kilomita 4,100 katika saa 24, kwa wastani wa maili 107 kwa saa. Lingehesabiwa, lingekuwa la nane.

Mwaka 1965 lilirudi likiwa mshindani kamili, Hill safari hii akiwa na Jackie Stewart, likamaliza la kumi. Lilikwenda polepole kuliko mara ya kwanza, na wasiojua wanaweza kudhani wahandisi walirudi nyuma. La hasha. Safari hii waliweka vibadilisha joto vya kauri, magurudumu yenye vitundu vidogo vidogo yanayozunguka taratibu, yakichukua joto la moshi unaotoka na kuipashia hewa inayoingia kabla haijafika kwenye moto. Bila kifaa hicho turbini ndogo hula mafuta bila huruma, kwa sababu sehemu kubwa ya joto lake hutupwa nje. Mapema kwenye mbio mchanga uliingia kwenye injini na kuharibu ncha za mapanga, wakalazimika kuiendesha kwa upole muda wote uliobaki. Hata hivyo walipata takriban maili 13 kwa galoni. Mimi naihesabu ile nafasi ya kumi kuwa kazi ya uhandisi iliyo nzito kuliko karibu kila kitu kilichofanywa na turbini Indianapolis. Lakini nani hupiga makofi kwa kibadilisha joto? Penny mwenyewe baadaye alifungua kampuni yake ya turbini huko Coventry.

Tumrudie Wallis, maana kisa chake hakikuishia kwenye beringi.

Baada ya mbio za 1967 chama cha USAC, kilichosimamia mashindano, kilitazama ni nini kingefanywa kulidhibiti jambo hili. Kwenye pistoni unapima ukubwa wa silinda. Kwenye turbini hakuna silinda, kwa hiyo unapima mlango wa hewa. Mlango uliokuwa ukiruhusiwa kuwa na inchi za mraba 23.999 ulishushwa hadi 15.999. Theluthi nzima ya hewa iliondolewa kwa kalamu. Wenye injini za pistoni walikuwa na mtaji mkubwa ndani ya karakana zao, na mashine inayofanana na ya ndege, inayonunuliwa kwenye kiwanda cha ndege, ingewafanya mafundi wengi wakose kazi. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini haikuwa na uhusiano na usalama, ingawa neno hilo lilitumika sana.

Wallis alikuwa ameshaondoka kwa Granatelli. Aliibukia kwa Carroll Shelby, yuleyule aliyekuwa amemwambia haiwezekani. Kwa ajili ya mbio za 1968 walijenga magari mawili yenye turbini za General Electric T58, madereva wakiwa Bruce McLaren na Denny Hulme, raia wawili wa New Zealand waliokuwa kileleni mwa mchezo. Tarehe 7 Mei, Mike Spence alifariki baada ya kugonga ukuta mazoezini akiwa kwenye gari la turbini la Lotus. Magari ya Shelby yakaondolewa bila kufuzu. Sababu iliyotangazwa ilikuwa usalama. Maelezo yaliyotoka baadaye kwa watu wa karibu na mradi ni kwamba ndani ya kipimo kipya cha hewa magari hayo yasingeweza kwenda kasi iliyotakiwa, na kwamba mlango wa hewa ulikuwa umefichiwa ujanja wa kuuongezea upana gari likiwa kwenye mwendo.

Kama ndivyo, basi tunaielewa vizuri ile sentensi moja. Mtu aliyetajwa kwa ubunifu mwaka mmoja na kwa hila mwaka uliofuata hana wa kumtetea. Granatelli hakuwa na sababu ya kumsifia aliyehamia kwa mpinzani. Shelby hakuwa na sababu ya kukumbusha watu magari ambayo hayakushindana. Na Wallis mwenyewe alikuwa mtu wa kuuza mawazo, mzuri sana wa kumshawishi tajiri mmoja baada ya mwingine, na watu wa aina hiyo huacha nyuma yao wenye manung'uniko. Alikwenda kwa Bill Lear, yule wa ndege za Lear Jet, aliyekuwa Nevada akiota gari la mbio la mvuke. Gari hilo halikuwahi kushindana.

Simtetei kwa yote. Ninachosema ni kwamba hesabu zake za awali zilikuwa sahihi, na ushahidi ni kile walichofanya waliomfuata. Granatelli alipompoteza alikwenda kwa Colin Chapman wa Lotus, na huko Maurice Philippe akachora Lotus 56, gari lenye umbo la kabari, pua yake karibu igusane na lami. Philippe aliirudisha injini nyuma ya dereva, akaachana na mpangilio wa bega kwa bega. Lakini aliuchukua ule uamuzi wa msingi kwamba turbini na magurudumu manne ya kusukuma ni kitu kimoja, wala kimoja hakifai bila kingine, kwa kuwa nguvu ile inayokuja yote mara moja ingeyachana matairi mawili. Hata kwa mlango mdogo wa hewa, Joe Leonard alifuzu wa kwanza kwa maili 171.559 kwa saa. Ikiwa imebaki mizunguko tisa, akiwa anaongoza, mhimili mdogo unaoendesha pampu ya mafuta ukakatika. Wa mwenzake Art Pollard ukakatika karibu wakati huohuo. Bobby Unser akashinda na pistoni.

Mara mbili, basi, turbini yenyewe haikuwa na kosa. Iliyovunjika 1967 ni beringi ya mfumo wa gia, iliyokatika 1968 ni fimbo ya pampu. Wanaosema turbini zilishindwa Indianapolis kwa kuwa hazikuwa imara wanazungumzia vitu vilivyozizunguka. USAC waliushusha mlango tena, hadi inchi 11.999, na hapo hesabu haikujibu tena kwa yeyote.

Iko turbini moja iliyoshinda mbio, na aliyeileta ni mtu ambaye wengi hawamjui hata kwa sentensi moja. Ray Heppenstall alikuwa dereva kutoka Marekani aliyeishawishi kampuni ya Howmet, watengenezaji wa vipande vya kusubu vya turbini, kugharimia gari la mbio za masafa marefu. Gari likajengwa na Bob McKee, likatiwa turbini ya Continental ya takriban nguvu za farasi 330 iliyokuwa imekusudiwa helikopta. Tatizo la kuchelewa kwa nguvu walilipunguza kwa mlango wa pembeni wa kutolea gesi: dereva akiachia mafuta, gesi inapitishwa kando na kuikwepa turbini ya pili, kompresa inaendelea kuzunguka juu, na akikanyaga tena nguvu inarudi upesi. Mwaka 1968 Howmet TX ilishinda mbio za Huntsville na Marlboro, ikamaliza ya tatu kwenye saa 6 za Watkins Glen. Heppenstall alikuwa mmoja wa walioiendesha. Le Mans, Septemba mwaka huo, magari yote mawili hayakufika mwisho.

Kwa nini Heppenstall hakumbukwi zaidi ya Wallis, wakati yeye alishinda? Sababu, naona, ni uwanja. Huntsville haikuwa Indianapolis. Hapakuwa na redio za taifa zima wala watu mamia kwa maelfu. Kushindwa mbele ya umati kuliacha alama kubwa kuliko kushinda mbele ya wachache. Jones aliyekosa ushindi anazungumziwa kuliko watu walioshinda.

Chapman alijaribu mara ya mwisho 1971, Lotus 56B kwenye Formula One. Uholanzi, mvua ikinyesha, Dave Walker alitoka nafasi ya 22 hadi ya 10 katika mizunguko mitano kisha akateleza nje ya njia. Monza, Emerson Fittipaldi alimaliza wa nane, gari likiwa na rangi ya dhahabu na nyeusi. Kisha Maurice Philippe aliondoka Lotus, akahamia Marekani kufanya kazi kwenye timu iliyokuwa inataka mhandisi wa kuchora magari yake ya Indianapolis na baadaye ya Formula One. Mmoja wa wenye timu hiyo alikuwa Parnelli Jones. Magari ambayo Philippe alimchorea yote yalikuwa ya pistoni.